Maji ya batiki na taa ya UV: vinaendana?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Sisi ni kina mama watano hapa Ipogolo Iringa tunatengeneza batiki, maji yakishatumika tunamwaga mtaroni yanashuka hadi Ruaha Mdogo, juzi jirani mwenye bustani ya mchicha kaja kulalamika na mi naona ana haki. Mtoto wa dada yangu yuko chuo anasema kuna taa ya UV, ukiwasha na kuweka peroksaidi rangi inaisha kabisa. Ni kweli? Na jua letu la bure je halitoshi?
Mama Batiki

JIBU: Mama Batiki, mwanao huyo kasema kweli ila kaanzia mwisho.

Mwanga wa UV, ule usioonekana kwa macho, wa kipimo cha nanomita 254 ukiipiga haidrojeni peroksaidi unaipasua vipande viwili, vinaitwa radikali za haidroksili, na hivyo vina nguvu balaa, vinararua rangi popote vinapoikuta. Ndo maana maji yanakuwa meupe. Lakini hiyo taa inahitaji maji ambayo mwanga unapenya, sa maji ya batiki yalivyo meusi tii mwanga unaishia juujuu tu, umeme unaliwa bure.

Afu kuna haidrosi, ile poda ya kuyeyushia rangi. Nadhani na nyie mnatumia kostiki (soda kali) na haidrosi kama wengi wanaopika batiki, sasa haidrosi kazi yake ni kunyang'anya oksijeni, kwahiyo peroksaidi yote mtakayomwaga itamalizwa na haidrosi kabla haijagusa rangi, hela imeenda.

Ila hapo hapo ndo kuna bahati yenu. Rangi hizo zinayeyuka kwa sababu ya haidrosi, zikikutana na hewa zinarudi kuwa chengachenga zisizoyeyuka (si mnaona kitambaa kinavyobadilika rangi mkikianika?). Basi wekeni maji kwenye pipa wazi, yakorogeni mara kwa mara siku nzima, yaacheni yatulie usiku, asubuhi chujeni kwa kitambaa kizito. Rangi nyingi itabaki chini kama tope, na tope hilo lisirudi mtaroni, likaushwe na kuhifadhiwa mbali na maji. Tafadhali msikimbilie kuweka asidi kupunguza ukali wa kostiki wakati haidrosi bado ipo, inatoa gesi ya salfa inayokaba kifua, subirini hadi siku ya pili.

Yakishachujwa ndo taa ina maana. Na hata hapo maji meupe sio lazima yawe salama, rangi inakatika mapema lakini vipande vyake vinabaki na vingine vina sumu, kwahiyo mpeni mwanao sampuli apime COD (kipimo cha uchafu wa kikemikali uliobaki kwenye maji) huko chuoni, macho hayatoshi. Taa hiyo pia inaunguza macho na ngozi, na chupa ya kawaida ya kioo inazuia mwanga wake, inatakiwa ya kwatsi, kioo maalumu kinachopitisha UV.

Jua? Peke yake na peroksaidi halifanyi kitu cha maana, maana UV ya aina hiyo inaishia kwenye ozoni huko juu, haitufikii hata sisi wa nyanda za juu. Ukiongeza chumvi ya chuma hapo jua linasaidia, ni njia iliyotokana na kazi ya mwanakemia Fenton ya mwaka 1894, ila maji lazima yawe na asidi ya pH kama 3, na baadae uyarudishe kawaida na kuchuja tope la kutu. Kwa pipa la uani mi nisingeanza na hiyo.

Anzeni na pipa wiki hii, na jirani wa mchicha mwiteni aje aone.