Kitabu cha kwanza akimalize mwenyewe

Wahariri, wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji: “Mtoto akianza kusoma peke yake, unamchagulia vitabu kwa kuangalia nini?” Nawajibu kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba, nikiwa mama na mwalimu wa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Kabla ya kitu kingine chochote naangalia kama atakimaliza bila mimi. Kitabu cha kusoma peke yake kinatakiwa kiwe chepesi, tena chepesi kuliko wazazi wengi wanavyotaka kukubali. Kile kizito, chenye hadithi ndefu na maneno asiyowahi kuyasikia, tumsomee sisi kwa sauti. Vyote viwili anavihitaji, ila kila kimoja kina wakati wake.

Nasema hivi kwa sababu shule zikifunguliwa Septemba, wazazi huja na kitabu kinene, maandishi madogo kama ya gazeti, na kuniambia: “Mwalimu, huyu ana akili, atakiweza.” Akili anayo, sina shaka. Lakini mtoto wa miaka saba bado anaunganisha silabi. Nguvu zake zote zinaishia kwenye kuunganisha, hazibaki za kufuatia hadithi. Ukimwuliza kimetokea nini, hajui, na wala hakuwa mvivu. Kurasa mbili tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya aweke kitabu chini, kisha nyumbani wanasema mtoto hapendi kusoma.

Kiswahili nacho kina ugumu wake, na hapa naomba tukae kidogo. Ushauri mwingi kuhusu vitabu vya wanaoanza umeandikwa kwa kufikiria watoto wanaosoma Kifaransa au Kiingereza. Unasema: hesabu maneno kwenye ukurasa, yakiwa machache kitabu ni rahisi. Kwetu hesabu hiyo inadanganya. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, vokali ni tano tu, na mtoto aliyeshika vizuri ba, be, bi, bo, bu anaweza kutamka karibu kila neno. Kinachomshinda ni urefu. Tazama sentensi hii: “Walipomkaribia, aliwakimbia.” Maneno 2, silabi 14. Na hizi: “Paka ana njaa. Panya ana hofu.” Maneno 6, silabi 12. Anayehesabu maneno ataona ya kwanza ndiyo nyepesi. Mpe mtoto zote mbili uone.

Mimi nimeona mara nyingi, nikiwa nimekaa kando ya dawati. Kidole kiko chini ya neno “alipowafukuza”. Mtoto anaanza vizuri: a, li, po, wa. Akifika “fu” kidole kinasimama, kwa sababu mwanzo wa neno umeshamtoka. Anarudi nyuma, a, li, po, wa, fu, ku, za, halafu ananitazama. Silabi zote amezisema sawasawa, neno hajalipata. Nani alimfukuza nani, na lini, yote yamefungwa ndani ya neno moja, na yeye anatakiwa kulifungua huku bado analisoma. Mtoto huyohuyo ukimpa “Kuku anakula. Mbuzi anakuja. Kuku anaruka!” anasoma mpaka mwisho na kuuliza mbuzi alitaka nini. Swali hilo ndilo ninalolitafuta.

Kwa hiyo, nikishika kitabu cha mtoto anayeanza, nafungua katikati na kutazama vitenzi. Viwe vifupi: anakula, analala, amefika. Vile vyenye “alipom-” na “walivyotu-” vingoje. Natazama pia herufi zilizorundikana mwanzoni mwa silabi, kama katika mbwa, nywele, ng’aa, chinjwa. Likija neno moja la namna hiyo kwa ukurasa, picha ikalisaidia, sawa. Yakija manne kwa mstari, hicho ni kitabu cha mwakani.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa Kongo. Vitabu vingi vya Kiswahili tunavyovipata vimeandikwa kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya. Mtoto wa Katuba anaona “watoto” na kutamka “batoto”, anaona “mtu” na kutamka “mutu”. Wazazi, na walimu wenzangu pia, nawaomba msimkatize. Ameliona neno, amelielewa, amelisema kama linavyosemwa nyumbani kwao. Anayesoma bila kuelewa hawezi kufanya hivyo. Muda wa kufundisha umbo la kuandika upo, na usiwe ule ambao yuko katikati ya hadithi. Tatizo la kweli linakuja pale ambapo nusu ya vitu vilivyomo kwenye kitabu hajawahi kuvisikia. Kitabu chenye mbuzi, mvua, embe, baiskeli, bukari (ugali wetu) na samaki kitamfaa hapa Lubumbashi kuliko chenye meli na mawimbi ya bahari, hata kama hicho cha pili kina picha nzuri zaidi.

Kuhusu Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imekiacha Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na hapohapo ikazipa lugha za taifa na lugha za mazingira, yaani zinazosemwa pale mtoto anapoishi, nafasi darasani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Ciluba. Hata hivyo wazazi wengi mjini wanataka kitabu cha kwanza kiwe cha Kifaransa. Naelewa, kwa sababu mitihani na kazi viko huko. Lakini neno “beaucoup” lina herufi 8 na linatamkwa kwa sauti 4. Mtoto aliyezoea Kiswahili atasema “be-a-u-ko-u-pu”, na kwa kanuni alizofundishwa yuko sahihi kabisa. Ushauri wangu ni huu: kitabu cha kwanza cha kusoma peke yake kiwe katika lugha anayochezea barazani, na cha Kifaransa unachomnunulia kiwe ngazi moja au mbili chini ya kile anachokiweza kwa Kiswahili. Usione aibu kumpa mtoto wa mwaka wa tatu kitabu cha Kifaransa chenye mstari mmoja kwa ukurasa. Na vile vyenye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, funika moja kwa karatasi wakati anasoma.

Sura ya ukurasa ina uzito kuliko tunavyodhani. Herufi ziwe kubwa, na nafasi kati ya maneno na kati ya mistari iwe pana kiasi cha kidole chake kupita. Kuna kosa linaloniudhi sana katika vitabu vya Kiswahili: neno refu kukatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari, “wana-” huku na “cheza” kule. Mtu mzima halioni, lakini anayeanza anapotea hapo. Sentensi nayo iishie kwenye ukurasa ilikoanzia. Halafu kuna umbo la herufi. Watoto wengi hapa hujifunza mwandiko wa kuunganisha, basi wakikutana na “a” ya chapa, ile yenye mkia juu, au “g” yenye vitanzi viwili, wanaziona kama herufi ngeni. Ukipata kitabu ambacho “a” yake ni ya mviringo na kijiti, kichukue.

Picha naitaka imsaidie, ila isimalize kazi yote. Ukurasa ukisema “Mbuzi amekula…” na picha ikaonyesha mbuzi mdomo umejaa kitu chekundu, mtoto atasoma ili ajue ni nini. Picha ikiwa imesema kila kitu, atatazama na kufungua ukurasa unaofuata.

Kabla ya kununua, mwache mtoto asome ukurasa mmoja palepale dukani au kwenye meza ya muuzaji. Walimu wa nchi nyingi hutumia vidole: kila neno likimkwama, anakunja kimoja, na vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu ni kigumu. Kwa vitabu vyetu vya mwanzo vyenye maneno machache kwa ukurasa, mimi nabana zaidi. Katika maneno 20, akikwama zaidi ya mara moja, hicho tutakisoma pamoja, hakitakuwa chake cha peke yake. Na akimaliza ukurasa namwuliza tu: “Kimetokea nini?” Simwulizi hadithi inatufundisha nini. Tunavyo vitabu vingi mno ambavyo kila mwisho mtoto mkaidi anapata adhabu. Watoto wanapenda mbuzi aliyekula kofia ya padri, na mimi napenda wakipenda.

Wengine watauliza, vitabu vyenyewe viko wapi? Ni kweli, madukani mwetu vya shule na vya dini ni rahisi kuvipata, vya hadithi fupi za Kiswahili kwa wanaoanza ni adimu. Lakini kwa simu yenye intaneti unaweza kufungua tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014. Hadithi zake ni za bure, unaruhusiwa kuzichapa, za Kiswahili ziko nyingi, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi zile za kusomewa kwa sauti. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo inazo za Kiswahili. Ila usiiamini namba ya ngazi peke yake. Hadithi nyingi zimetafsiriwa, na sentensi iliyokuwa fupi katika lugha yake inaweza kuja kwetu na kitenzi cha silabi nane. Isome kwanza wewe.

Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kitabu cha kurasa 16, na hizo zinatosha kabisa. Kwa gharama ya kufotokopi tu, mtoto ana kitabu chake. Tena unaweza kukiandika mwenyewe. Mwaka jana darasa langu liliandika kimoja juu ya jikoni: “Mama anasonga bukari. Moto unawaka. Sombe iko tayari. Paka yuko wapi?” (Sombe ni mboga ya majani ya muhogo.) Kimechakaa sasa, na ndicho kinachoombwa kuliko vingine.

Akirudia kitabu kilekile kila jioni, mwache. Kurudia ndiko kunakomfanya alione neno zima badala ya silabi mojamoja. Ukihofia kwamba amekikariri tu, onyesha neno lililo katikati ya ukurasa umwulize ni lipi. Na badala ya wewe kusimama nyuma ya bega lake, mpe mdogo wake wa kumsomea. Mdogo hasahihishi, anataka kujua paka yuko wapi.

Nina ombi kwenu wahariri. Gazeti lenu linafika majumbani ambako hakuna kitabu cha hadithi hata kimoja. Tupeni robo ya ukurasa kila toleo kwa ajili ya anayeanza: mistari minne hadi sita ya Kiswahili, herufi kubwa, vitenzi vifupi, picha moja, bila neno kukatwa mwishoni mwa mstari. Walimu wa huku tuko tayari kuwaandikia hadithi hizo bila malipo, na kuzijaribu kwanza darasani kabla hatujawatumia.