Nyanya Amerudi Kuulizia Ungo: Maswali Yenu Kuhusu Hadithi za Nyumba Zenye Mizuka

Nimeandika hadithi ya nyumba ya mawe ya mlowezi, ambamo huonekana mwanamke aliyekufa zamani. Mwalimu wangu anasema ni ya kigothi, rafiki yangu anashikilia kuwa ni uhalisia mazingaombwe. Nani amepata? (Msomaji, Njoro)

Usimtazame marehemu, watazame walio hai. Wakimwona wanafanya nini? Wakipiga mayowe, wakitilia shaka akili zao, wakaanza kuchimba siri ya kifo chake, hiyo ni ya kigothi, yaani hadithi ya hofu na siri. Wakimwambia apishe mlangoni waingize kuni, huo ni uhalisia mazingaombwe, ambamo ajabu huchukuliwa kama jambo la kila siku.

Chukua tukio moja, mahali pamoja. Nyanya amezikwa Ahero. Kwa mkono wa kigothi:

"Chumba cha nyanya kilikuwa na kufuli tangu mazishi. Usiku wa tatu, Achieng alisikia ungo ukipetwa ndani."

Kwa mkono wa pili:

"Nyanya alirudi Jumanne, siku tatu baada ya mazishi, akaulizia ungo wake. Achieng alimwambia umeazimwa na jirani."

Katika mfano wa kwanza nyanya hajaonekana. Tuna kufuli, usiku na sauti, na msomaji atafungua ukurasa ili ajue kuna nini ndani. Katika wa pili hakuna la kufichua. Hofu imeondoka, ikaja aibu ya kinyumbani: ungo wa marehemu umeshaazimwa kabla kaburi halijakauka. Msomaji haulizi tena kama nyanya amerudi kweli. Anauliza ungo utarudi lini.

Mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez, alifanya hivyo katika riwaya yake ya 1967 kuhusu ukoo wa Buendía. Prudencio Aguilar, aliyeuawa kwa mkuki, anazunguka nyumbani kwa aliyemuua akitafuta maji ya kuoshea jeraha. Mke wa muuaji, Úrsula, anapotambua anachotafuta, anaweka mitungi ya maji kila pembe ya nyumba. Ona alivyomhudumia mzimu kama mgeni mwenye shida. Mwingereza Horace Walpole, aliyeanzisha mkondo wa kigothi kwa hadithi yake ya kasri mwaka 1764, hakuwa na mitungi. Yeye aliangusha kofia kubwa ya chuma ikamponda bwana harusi.

Kwetu hakuna makasri. Nyumba ya udongo na mabati yaweza kuwa ya kigothi? (Msomaji, Kakamega)

Yaweza, na pengine itakufaa zaidi. Wengi hukimbilia kasri la Lord Egerton kule Njoro, lililojengwa kati ya 1938 na 1954 likiwa na vyumba 52. Linapendeza, ila vyumba 52 humfanya mwandishi awe mtembeza watalii: kurasa tatu za ngazi na madirisha, na bado hakuna aliyeogopa.

Gothi inahitaji vitu vitatu tu: dhuluma ya zamani isiyolipwa, mahali pasipofunguliwa, na mtu asiyeweza kuondoka. Mahali hapo paweza kuwa sanduku la bati chini ya kitanda. Hicho cha tatu ndicho kinachoangusha hadithi nyingi tunazozisoma. Msomaji wa Kakamega akiona mambo yameharibika saa nane za usiku atauliza, "Si ahame?" Jibu liwe limeshawekwa mapema: ameolewa juzi na kwao hawawezi kurudisha ng'ombe, kodi imelipwa miezi mitatu na mwenye nyumba harudishi, anamuuguza mama mkwe asiyeweza kubebwa. Bila kizuizi hicho, huyo unayemwita jasiri ni mjinga tu.

Mabati nayo ni mali. Jua likizama yanapoa na kujikunja, yanatoa mlio kama hatua za mtu juu ya paa. Mvua kubwa ikipiga, hakuna anayesikia mwenzake, hivyo jambo laweza kutokea chumba cha pili bila mtu kujua. Stima nayo, tokeni zikiisha saa tano usiku, inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na upepo uliozima mshumaa.

Kwa hadithi ya maneno 2,000, ishara ya kwanza ije kabla ya neno la 300 na iwe na maelezo ya kawaida: ni mabati, ni paka. Ya pili ije katikati, maelezo yakiwa yameanza kuchechemea. Ya tatu iyaue kabisa. Mzuka wenyewe usionekane kabla ya neno la 1,600. Ukimtoa mapema utalazimika kumwongezea meno kila ukurasa.

Kando ya ziwa watu hupiga sufuria na mabati usiku ili Nyawawa, roho zinazopita usiku, wapite zao. Nikiandika hilo, ni gothi au ni ile nyingine? (Msomaji, Kisumu)

Hiyo ni malighafi, yaweza kwenda popote. Lakini chunga sentensi moja ambayo imeharibu hadithi nyingi nzuri: "Wanakijiji waliamini kwamba..." Hilo neno "waliamini" linamtoa msimulizi nje ya boma na kumpandisha juu ya ua, achungulie watu wake kama mgeni mwenye daftari. Andika hivi:

"Walipita saa nne. Mama alichukua sufuria iliyopasuka ukingo, kwa sababu ile nzima ilikuwa bado na mboga."

Sufuria iliyopasuka ndiyo inayobeba sentensi. Kila jambo la ajabu lidai mambo mawili ya kawaida yaliyo sahihi: bei, jina la mboga, nani alikopa nini. Vitu vya kawaida vikiwa vichache, ajabu inaelea, hadithi inakuwa ngano. Ngano si kosa, ila si ulichokusudia.

Wapo wanaouliza kwa nini tuyaite mazingaombwe mambo ambayo jirani anayaona ya kawaida. Wana haki. Jina lenyewe lilianzia kwa Mjerumani Franz Roh, mwaka 1925, akizungumzia picha za kuchora, ndipo likahamia kwenye riwaya za Amerika ya Kusini. Litumie darasani, ukiwa unaandika lisahau.

Nikisoma hadithi yangu mbele ya watu, mzuka ukitokea wanacheka. (Msomaji, Busia)

Hesabu neno "ghafla", ubakishe moja. Futa shuka jeupe na kucha ndefu. Kisha kagua majina: mzuka huzuka tu, hana ukoo, mzimu ana ukoo na ana madai, pepo humpanda mtu na hutolewa. Ukimwita kiumbe mmoja majina yote matatu, watu wanacheka kwa sababu hawajui waogope nini. Katika uhalisia mazingaombwe usitumie hata moja. Mwite nyanya.

Naweza kuchanganya zote mbili? (Msomaji, Nakuru)

Ndiyo. Mwandishi wa Marekani Toni Morrison alifanya hivyo katika riwaya yake Beloved, 1987: nyumba namba 124 huko Cincinnati ina roho ya mtoto mchanga, wakaazi wameizoea, lakini chini yake kuna siri inayofichuliwa polepole kwa mwendo wa kigothi kabisa. Sharti ni moja. Kama ukurasa wa kwanza hakuna aliyeshtuka kumwona marehemu, ukurasa wa tisa mtu asizimie kwa kumwona tu. Ashtushwe na anachokitaka marehemu.

Je, nimalize kwa kusema ilikuwa ndoto? (Msomaji, Bungoma)

Hapana. Mwingereza Ann Radcliffe, katika riwaya zake za kigothi za miaka ya 1790, alikuwa akifafanua mizuka yake mwishoni: kilichowatisha watu nyuma ya pazia jeusi kiligeuka kuwa sanamu ya nta. Lakini sanamu ilikuwepo, pazia lilikuwepo. Ndoto inafuta hata vitu. Kama ni lazima mtu aamke, mwamshe katika aya ya pili, na ungo uwe bado kwa jirani.