Binti mfungaji wa netiboli hagusi mpira akiwa nyumbani: yaliyosaidia kwetu Igogo

Dada, swali lako nimelisoma lote. Binti ana miaka 14, kocha kamweka GS (mfungaji mkuu, Goal Shooter), Jumanne na Alhamisi kwenye mazoezi anafanya vizuri tu, ila akirudi nyumbani mpira unalala chini ya kitanda mpaka wiki nyingine, ukimsema ananuna au analia, na sasa unawaza umtoe kabisa. Usimtoe kwanza. Mimi ni baba, tunakaa Igogo, Mwanza, huku juu kwenye mawe, binti yangu yuko kidato cha pili na yeye ni mfungaji pia, na hali ilikuwa hiyohiyo mpaka ikabadilika, kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Wadau wengi hapo juu wamekwambia binti mvivu, mnyang'anye simu. Mi sikubaliani nao kabisa. Mtoto anayejituma mbele ya kocha sio mvivu, kuna kitu nyumbani kinamzuia, na mzazi kazi yake ni kukitafuta hicho kitu akitoe njiani.

Anza na ratiba yake. Binti anatoka shule saa kumi, daladala imejaa, anafika nyumbani kumi na moja, hapo maji hayajachotwa, vyombo vya mchana vinamsubiri, kuna mdogo wake wa kuogesha, ugali usongwe, homuweki bado. Kaka mtu muda wote huo yupo kwenye kochi. Halafu saa mbili usiku unamuuliza mbona leo hujafanya mazoezi, afanyie wapi, gizani? Kwetu mke wangu ndiye aliyeliona hili, akagawa kazi upya, vyombo vya jioni vikahamia kwa kaka yake, alilalamika sana huyo kijana lakini akazoea, na binti akapata nusu saa yake kabla ya magharibi. Nusu saa ya kweli, hakuna wa kumwita njoo ushike mtoto. Kama hiyo huwezi kumpa basi hata mazoezi usimdai, huo ndio ukweli.

Kingine ambacho sisi akina baba hatukioni haraka ni macho ya watu. Umri ule mwili unabadilika, na uwanja wa karibu na sisi uko ubavuni mwa kijiwe cha bodaboda. Usimkalishe sebuleni ukamuuliza "una tatizo gani", hatosema neno. Mimi aliniambia siku tunapara sato pale nje, mikono imejaa magamba, kila mtu anatazama samaki wake, ndio akasema taratibu kwamba hapendi kwenda uwanjani peke yake maana kila akiinua mikono kufunga kuna vijana wanatoa komenti. Sasa hapo ungemnyang'anya simu ungekuwa umesaidia nini? Hao vijana niliongea na mwenyekiti wao wa kijiwe na kwa kweli walipunguza, lakini binti nikamtafutia goli la nyumbani.

Goli lenyewe sio la gharama ya kutisha. Netiboli haina ubao nyuma kama basketi, ni bomba na ringi basi. Fundi wa kuchomelea mpe vipimo hivi: ringi iwe na upana wa ndani sentimita 38, ichomoze mbele ya bomba sentimita 15, na kutoka chini mpaka kwenye ringi iwe mita 3.05. Fundi akikwambia bomba limepungua kidogo tufupishe, kataa, mtoto atazoea kimo cha uongo halafu siku ya mechi mipira yote inaishia chini ya ringi. Kitako nilitumia tairi kuukuu nikalijaza zege.

Sasa sikiliza hili maana ndilo lililobadilisha mambo kuliko yote. Sisi wa huku milimani uwanja wa nyumba ni mteremko, mpira ukikosa ringi unagonga jiwe unashuka mpaka kwa jirani wa tatu. Goli limesimama, zuri, lakini mtoto anarusha kidogo tu anaingia ndani. Kila akikosa anashuka kwenye mawe kufuata mpira, anapanda nao anahema, akikosa tena anashuka tena, yaani muda mwingi anapanda na kushuka kuliko kufunga, nani atapenda hayo mazoezi? Nikaenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba nikapata nyavu chakavu za dagaa, nikazifunga kwenye miti upande wote wa chini, na kipande kingine nikaning'iniza kwenye ringi yenyewe. Mpira ukikosa unadakwa na nyavu unarudi miguuni. Kuanzia hapo sikuhitaji kumkumbusha, nilikuwa nasikia tu mpira unadunda huko nyuma. Kwahiyo dada angalia kwako, inawezekana kinachomkatisha tamaa ni kitu kidogo tu cha aina hiyo, labda mpira hauna upepo na pampu hamna, labda mbwa wa jirani.

Kuhusu afanye nini, usimpangie wewe. Mwombe kocha ampe kitu kimoja tu cha kufanyia kazi nyumbani, kimoja, akikiweza ampe kingine. Mtoto wa umri huo neno la kocha analishika, la mzazi anaona kelele. Wa kwetu alipewa kazi ya kurusha juu zaidi, na kocha akamweleza sababu, kwamba mpira wenyewe una upana wa kama sentimita 22 na ringi ni 38, sasa mpira ukienda umelala unakuta mlango mwembamba, ukipanda juu ukashuka kwa wima unakuta mlango wote uko wazi. Hiyo hesabu ilimkaa kichwani kuliko "fanya mazoezi mwanangu" zote nilizowahi kusema. Hawa watoto wanataka kujua kwanini.

Baada ya hapo akajitungia mchezo wake, anaanza karibu kabisa chini ya ringi, mpira juu ya kichwa, magoti yanakunjwa kidogo, kiganja kinamalizia, akifunga anarudi nyuma hatua moja, akikosa anasogea mbele hatua moja, mpaka afike ukingo wa duara ambao ni mita 4.9. Mdogo wake wa kiume ndio beki, anasimama mbele yake sentimita 90 maana sheria haimruhusu beki asogee zaidi ya hapo, ameinua fagio la chelewa, huku anahesabu kwa sauti kubwa moja, mbili, tatu, kwasababu mchezaji hatakiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Wanagombana, wanacheka, anaitwa mwizi wa sekunde. Hayo ndio mazoezi, yanafanana kabisa na mechi. Mzazi hapo kaa mbali, usiseme kiwiko, usiseme miguu, ukiitwa kuokota mpira okota. Na mkitoka kwenye mechi wamefungwa, ndani ya daladala usianze kuchambua magoli aliyokosa, anayajua.

Simu muachie kwa kiasi. Binti yangu anamwomba kaka yake amrekodi kwa vidio ya polepole anajiona mwenyewe mkono unavyoenda, na hizo vidio zinabaki kwenye simu yetu, haziendi mtandaoni. Halafu muonyeshe wafungaji wenzake wa Afrika. Hapo ng'ambo ya ziwa tu Uganda kuna Peace Proscovia, netiboli imempeleka mpaka Uingereza kuchezea Loughborough Lightning, na Malawi kuna Mwai Kumwenda aliyeenda kucheza Melbourne. Uganda Kombe la Dunia la 2023 pale Cape Town walimaliza nafasi ya tano mbele ya wenyeji wenyewe. Binti akiona mtu anayefanana na yeye anafunga vile, kuna kitu kinamwamkia ndani. Ila usimwahidi Uingereza wala usimbebeshe familia. Wa kwangu lengo lake alijiwekea mwenyewe, kutoka timu ya shule aingie ya wilaya kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, halafu akiweza mkoa. Lake sio langu.

Yule mdau aliyeshauri umlipe mia tano kila siku akifanya mazoezi, hapana ndugu yangu, siku huna hiyo mia tano itakuwaje, na mtoto anaanza kukufanyia wewe kazi badala ya kucheza.

Mambo matatu nayapitia haraka. Jua la saa nane na upepo wa ziwani wa mchana vinaharibu mazoezi, jioni ni bora au asubuhi Jumamosi. Na akilalamika maumivu chini ya goti usimwambie anadeka, watoto wanaorefuka haraka wanapata hilo, mpumzishe, na likiendelea mpeleke hospitali. Mitihani ikikaribia mwache, huyu wangu mwaka huu ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili na wiki nyingine hagusi mpira kabisa, akirudi mkono bado upo.

Na kama ukimpa muda, faragha na goli halafu bado anataka Jumanne na Alhamisi tu, mwache na hizo mbili zake. Anakutana na wenzake, anakimbia, anacheka, hiyo kwa binti wa miaka 14 sio kidogo.

Hukusema mnakaa wapi. Kama ni hapahapa mjini, Nyamagana au Ilemela, fundi aliyenitengenezea yuko Mabatini, nicheki inbox nikuelekeze. Na leo usimuulize habari ya mazoezi, muulize tu kama angependa goli likae upande gani wa nyumba.