Nilipoingia bila hodi kwenye kifurushi cha mtu

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutunza vifurushi, yaani programu, vya Debian, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kila kifurushi kina mwenyewe, na kukipandisha ni kutuma toleo jipya kwenye hifadhi ya Debian. Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna kifurushi Debian kina hitilafu, mwenyewe kimya wiki mbili. Nikirekebishe nikipandishe?" Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu. Nilipandisha tu.

Nilikuwa na miezi minne tangu nipewe haki ya kupandisha vifurushi mwenyewe, baada ya miaka miwili ya kuomba wakubwa wanipandishie. Kichwa kilikuwa kimevimba. Saa saba usiku nikakuta ripoti ya hitilafu nzito, zile zinazoweza kukitoa kifurushi kwenye toleo lijalo. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, nilikitengeneza kwa dakika 20, na kilikuwa kizuri, hilo sitaacha kulisema. Shida sikuishia hapo. Nikaona debian/rules yake, faili la maelekezo ya kukijenga kifurushi, imejaa mistari ya kizamani, nikafagia. Nikaandika namba ya toleo 1.4-2.1 (ile .1 ya mwisho ndiyo alama ya mkono wa mgeni), nikapandisha moja kwa moja, nikalala kama shujaa.

Asubuhi kifurushi kimegoma kujengeka kwenye s390x, aina ya kompyuta kubwa za IBM. Mistari miwili niliyoifagia ndiyo iliyokuwa inaruka jaribio moja lisiloweza kupita kwenye mashine hizo. Barua ya mwenyewe ilikuwa fupi: asante, ila ulisoma ujumbe wangu wa Jumanne? Sikuusoma. Niliishia katikati ya ripoti. Chini kabisa alikuwa ameeleza kwamba anamuuguza mama yake, kiraka kiko tayari, Jumamosi atapandisha.

Sasa mdogo wangu, soma ripoti mpaka mwisho. Rekebisha hitilafu uliyoiendea, kingine usikiguse hata kama kinakuwasha. Kiraka chako kitume kwenye ripoti kwa nmudiff, programu ya kazi hiyo, kisha kifurushi kikae DELAYED, foleni ya kungojea kabla hakijaingia: siku 2 kama ni hitilafu nzito iliyopitisha wiki, siku 10 kwa zile za kawaida, ili mwenyewe apate muda wa kukuzuia. Wapo waliojiandikisha kabisa kwamba kwao unaingia bila kungoja. Angalia kwanza kama huyo ni mmoja wao. Na kama mtu kapotea moja kwa moja, fungua ITS, yaani kusudio la kukiokoa kifurushi, halafu subiri siku 21. Ni nyingi, najua. Wengi wetu tunafanya haya tukitoka kazini, watoto wamelala, umeme ukiwepo. Kimya cha mtu si ruhusa. Na usome ripoti mpaka mwisho, narudia.

Nasema hivi pia kwa sababu mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Mtu alipandisha kifurushi changu bila kiraka kwenye ripoti, bila salamu, akaandika upya hata yale maelezo niliyoyahangaikia jioni tatu. Na ni mtu mzima katika kazi hii, taratibu anazijua kunishinda. Nilimwandikia kwa upole, mara mbili. Hajajibu mpaka leo, na kibaya zaidi, kiraka chake nacho kilikuwa kizuri.