Nyama ya dhabihu ililiwa na watu

Huenda mtu akadhani kwamba Wagiriki wa kale waliteketeza mnyama mzima kila walipotoa dhabihu, lakini hawakuwa wakifanya hivyo. Kilichochomwa juu ya madhabahu kwa ajili ya miungu kilikuwa hasa mifupa ya mapaja iliyofungwa kwa shahamu, pamoja na mkia, na moshi wake ndio uliohesabiwa kuwa fungu la miungu. Maini, moyo na figo vilichomwa kwenye vijiti na kuliwa kwanza na waliokuwa karibu na madhabahu, kisha nyama iliyobaki ikagawiwa watu, naye kuhani akapata sehemu yake, mara nyingi pamoja na ngozi. Mshairi wa Kigiriki wa kale Hesiod, katika utenzi wake wa Theogony, anaeleza asili ya mgawo huo kwa kisa cha Prometheus, mmoja wa Titani, kumhadaa Zeus, mkuu wa miungu, achague mifupa iliyofunikwa mafuta, na mifupa ya mapaja iliyoungua ambayo wanaakiolojia wameifukua kwenye madhabahu kadhaa inakubaliana naye kwa namna ya kupendeza sana. Hata hivyo, zilikuwapo dhabihu za kuteketezwa nzima: Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba katika mji wa Patras, Ugiriki, wanyama walitupwa wangali hai katika moto wa mungu wa kike Artemis Laphria.