Kona ya mwalimu: watoto wanajua maana ya mandhari ila hadithi zao hazina mahali

SWALI: Habari za kazi. Mimi nafundisha darasa la tano, tuko kwenye vipengele vya hadithi. Wahusika, mandhari, ploti (yaani mtiririko wa matukio), mgogoro, vyote wanavitaja bila shida, ukiwauliza mandhari ni nini darasa zima linajibu kwa sauti moja "ni mahali na wakati wa matukio". Sasa wape kalamu. Kila hadithi inaanza na hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, halafu hicho kijiji hukioni tena mpaka mwisho. Nimechora hadi ile piramidi ya ploti ubaoni, ule mchoro wa matukio yanayopanda hadi kilele kisha yanashuka, lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole na kazi, na nimefurahi hujaridhika na lile jibu la sauti moja. Hao watoto maana wameikariri vizuri, ila hawajawahi kuona mandhari inamfanya nini mhusika, kwa hiyo kwao ni sentensi ya kufungulia hadithi tu na ikishaandikwa imekwisha.

Jaribu hivi. Chukua tukio moja dogo, mtoto ametumwa nyumbani na kapoteza ufunguo njiani. Gawa makundi 4. Kundi moja ufunguo umepotea sokoni mchana, jingine ni barabarani usiku na umeme umekatika, la tatu ufukweni maji yanajaa, la mwisho ndani ya basi lililoshona watu. Mtoto ni yule yule na ufunguo ni ule ule. Wape dakika 15 waongee tu, vitabu vifungwe, maana wakishika kalamu mapema wanarudi kule kule kwenye kijiji. Wakianza kusimulia utaona wenyewe wanavyoachana, wa sokoni anauliza kila muuzaji na hakuna anayemsikia kwa kelele, wa usiku anapapasa chini kwa mikono na kila kokoto anadhani ndio ufunguo, wa ufukweni anashindana na wimbi, na yule wa kwenye basi hawezi hata kuinama huku konda anamwambia shuka kituo chako hiki. Hapo uliza swali moja, mbona mtoto ni mmoja lakini hadithi zimekuwa nne? Halafu nyamaza. Kweli nyamaza, hata kama wanachelewa kujibu, kwa sababu wakilisema wenyewe kwamba mahali ndipo palipoleta shida, mgogoro na mandhari umeshavifundisha kwa pamoja.

Kipindi kinachofuata waandike mahali bila kupataja. Piga marufuku maneno kama "pazuri" na "panatisha", na kabla hawajaanza wafumbe macho dakika 2 wasikilize tu, kwa sababu watoto wengi huandika wanachokiona na kusahau sauti, harufu, joto. Mmoja atakuletea sentensi kama "sakafu ilikuwa baridi na kila mtu alikohoa kabla ya kuitwa jina", anaisoma mbele na wenzake wanabahatisha ni wapi. Wakipatia hospitali wote, huyo ameandika mandhari. Wasipopatia asihukumiwe, aongeze kitu kimoja asome tena.

Kuhusu piramidi, sio mbaya, lakini kumbuka Gustav Freytag, yule Mjerumani aliyeieleza mwaka 1863, alikuwa anachambua tamthilia ambazo zilishaandikwa. Mimi naona inafaa zaidi mtoto akishamaliza hadithi yake, aiweke juu ya mchoro aone kilele kiko wapi. Ukianza nayo wanajaza nafasi za mchoro tu.

SWALI: Shuleni kwetu tunapenda kuwaambia watoto watengeneze mandhari ya hadithi ndani ya boksi la viatu. Wanafurahi sana ila mwenzangu anasema ni kupoteza muda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Inategemea boksi linafanya kazi gani. Kama ni kubandika miti na kupaka rangi, hicho ni kipindi cha sanaa, kizuri tu lakini hadithi haimo. Mwambie kila mtoto akate mhusika wa karatasi amuingize humo ndani, kisha umhoji: ameingilia wapi? Akifukuzwa atajificha wapi? Kitu gani humu kitamzuia? Asiyekuwa na jibu anarudi kuongeza kitu, labda mto usio na daraja au mlango mmoja ambao umefungwa, na hapo hapo ploti inaanza kusogea. Maksi toa kwenye aya watakayoandika baadaye, usitoe kwenye gundi, maana kuna mtoto hana mkono wa kuchora na boksi lake limepinda lakini hadithi yake ndiyo inawashika wenzake. Na maboksi yakikosekana karatasi moja inatosha, wachore ramani ya njia aliyopita mhusika na waweke alama pale alipoogopa, wakiandika pembeni ni kitu gani cha mahali pale kilichomtisha.