Mwanangu anaonewa shuleni: nianzie wapi?

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 12 na tunaishi New Jersey, Marekani. Tangu tuhamie hapa, wenzake darasani humkejeli kwa jinsi anavyotamka Kiingereza, na sasa kejeli hizo humfuata usiku kwenye simu. Nimezungumza na mwalimu wake mara mbili, naye amenijibu kwamba huo ni utani wa watoto. Je, sheria inanisaidia? – Mzazi mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu mzazi, pole sana, na umfikishie mwanao pole zetu. Utani huwa wa pande mbili, anayetaniwa naye hutania. Anachofanyiwa mwanao ni uonevu, na sheria inakusaidia.

Marekani haina sheria ya shirikisho iliyotungwa mahsusi dhidi ya uonevu shuleni. Kila jimbo limejitungia yake, Georgia likitangulia mwaka 1999 na Montana likiwa la mwisho mwaka 2015. Sheria ya New Jersey, iliyotiwa saini Januari 2011, haiishii kuwakataza watoto kuonea wenzao, bali inawabana watu wazima kwa kuhesabu siku. Mwalimu aliyepokea taarifa ya uonevu anatakiwa kumweleza mkuu wa shule siku hiyo hiyo na kuiandika ndani ya siku 2 za masomo. Uchunguzi ukifunguliwa, mtaalamu wa kupambana na uonevu, ambaye kila shule lazima iwe naye, anapaswa kuukamilisha ndani ya siku 10 za masomo tangu taarifa hiyo iandikwe.

Naamini hapo ndipo shauri lako lilipokwama, kwa kuwa mazungumzo yenu hayakuzaa maandishi, na pasipo maandishi hakuna anayehesabu siku. Mwandikie mkuu wa shule leo hii. Eleza nani alisema nini, lini, wapi na mbele ya nani, ambatisha picha za ujumbe wa simu, kisha ubaki na nakala yenye tarehe. Usikubali kuambiwa kwamba ya usiku hayaihusu shule: sheria ya jimbo inagusa pia matendo ya nje ya shule yanapovuruga masomo au haki za mwanafunzi.

Usiporidhika na matokeo, una haki ya kuomba kusikilizwa na bodi ya elimu ya wilaya. Tena, kwa kuwa mwanao anaandamwa kwa lafudhi inayotokana na asili yake, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 nayo inahusika, na malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya shirikisho ndani ya siku 180 tangu tukio.

Ikiwa Kiingereza cha vikao hivyo kinakuwia kizito, omba mkalimani, kwa maana shule inawajibika kukupatia bila malipo. Mwanao asifanywe mkalimani wa shauri lake mwenyewe.